Kalamu Aliyoniletea Projest

Kuna watu wanachokonoa sikio kwa kifuniko cha peni, wanakitazama kilichotoka, wanakifuta kwenye suruali, halafu wanakuazima peni hiyohiyo usaini. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane na jambo hilo sijalizoea. Nimeona peni zilizotafunwa mkiani mpaka zimetoa nyuzi. Nimeona peni za benki zilizofungwa kamba kwenye kaunta, zinanata vidole vya mji mzima. Zote zinanitia kinyaa, na sifichi. Mke wangu Kokulinda husema nitazikwa na uso huu wa kununa, na watakaoniosha watashindwa kuunyoosha.

Nadhani ni malezi. Sisi tulioanza shule Bukoba miaka ya sitini tulifundishwa kuandika kwa nibu. Dawati lilikuwa na tundu, ndani ya tundu kidau, na kila asubuhi kiranja alipita akimimina wino. Unachovya, unapangusa ukingoni, unaandika maneno matatu, unachovya tena. Ukikandamiza sana nibu inatema, ukilegea haiandiki. Padri mmoja mzee alitusimulia kwamba kabla ya nibu Wazungu waliandika kwa manyoya ya bata bukini yaliyochongwa kwa kisu, na kabla yao watu wa Misri walichonga matete. Matete tulikuwa nayo tele kando ya ziwa. Siku hiyohiyo nikakata moja, nikalichonga, nikaandika jina langu, Ponsian, kwa masizi ya chungu, na shati langu la shule likaharibika kabisa. Mama alinichapa vizuri.

Baadaye ikaja kalamu ya wino yenye tumbo lake, unaijaza asubuhi na kutembea nayo kutwa. Hiyo nilipewa nilipomaliza chuo cha ualimu, na ninayo mpaka leo. Kisha zikaja hizi peni za plastiki zenye kipira cha chuma kinachobingirika nchani, mtu anaandika amelala, amesimama, anatafuna karanga, na mwandiko wa nchi nzima ukaharibika. Ndivyo ninavyoona na sitaki kubishiwa.

Wanafunzi wangu wote niliwapa mwandiko mmoja, wa kwangu. Herufi zilale kidogo kulia, mkia wa g ufungwe, t ikatwe mara moja tu. Hata sasa naweza kuingia ofisi yoyote Ilemela, nikaona tangazo lililoandikwa kwa mkono ukutani, nikasema huyu alipita kwangu. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Revocatus na Projest, watoto wa binamu yangu wa Muleba, niliowalea nyumbani kwangu Buswelu tangu wakiwa wadogo. Mwandiko wa Revocatus ulikuwa wa kawaida. Wa Projest ulikuwa wangu mtupu, hata Kokulinda alikuwa akiuchanganya, nami nilikuwa nikiwaonyesha wageni daftari zake.

Mwaka jana mwezi wa nne Revocatus alifariki kwa kisukari. Aliacha watoto wawili, na mjane, Kemilembe, fundi cherehani, ambaye huniita Tata, kama sisi Wahaya tunavyomwita baba. Aliacha pia nyumba juu ya mawe ya Buswelu, ambayo yeye na mkewe waliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja, lakini hati ilikuwa na jina la mume peke yake. Ili Kemilembe na watoto wabaki ndani ya nyumba ile, ilibidi mahakama ya mwanzo imthibitishe kuwa msimamizi wa mirathi. Na mahakama haimthibitishi mtu bila muhtasari wa kikao cha ukoo, yaani karatasi inayosema ukoo ulikaa na kumteua nani, ikiwa na sahihi za wote waliokuwepo. Katika ukoo wetu karatasi hizo naandika mimi. Sababu ni mwandiko.

Siku mbili kabla ya kikao Projest akaja kwangu na kiboksi chembamba. Alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, anakihamisha kutoka kona hii kwenda kona ile wakati anaongea, tabia ambayo sikumfundisha mimi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Toa hicho kijiti."

Akakitoa, akakishika mkononi. "Nimekuletea kalamu ya Japani. Niliiona Dar, nikasema hii haimfai mtu mwingine ila Mwalimu wangu."

Inanikera kusema hivi, lakini kalamu ile ilikuwa tamu. Wino wake wa bluu ulishuka laini, haukwaruzi, hauvuji, haukuacha doa hata pale nilipotulia katikati ya neno. Nilijaza ukurasa mzima jina langu kama mtoto wa darasa la tatu. Mimi niliyezikashifu peni zote za dunia kwa miaka hamsini nilinunuliwa kwa kalamu moja, tena mbele ya mke wangu.

Kikao kilikaa Jumamosi, sebuleni kwa marehemu, chini ya uenyekiti wa mzee wa ukoo aliyetoka Muleba. Tulikuwa watu tisa. Tulikubaliana bila mabishano kwamba Kemilembe awe msimamizi, na Projest alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Kemilembe naye alisema ya kwake, nikaandika. Mwishoni nikausoma muhtasari wote kwa sauti, hakuna aliyeupinga. Ulipofika wakati wa kusaini, Projest akatoa mfukoni peni ya kawaida, nyeusi. "Ile ya Japani ni ya Mwalimu, msije mkamharibia," akasema, watu wakacheka, na peni nyeusi ikazunguka mikono yote tisa. Baada ya chakula akajitolea kuipeleka karatasi mahakamani, maana ndiye mwenye gari. Nikampa.

Siku ya shauri tulikaa benchi moja, mimi na Kemilembe. Alikuwa amevaa kitenge kipya alichokishona mwenyewe. Hakimu, mama mmoja aitwaye Ng'washi, alifungua jalada na kusoma muhtasari kwa sauti. Ulisema kwamba ukoo umemteua Projest. Ulisema mjane ameridhia kurudi kwao Muleba, au abaki na watoto chini ya uangalizi wa shemeji yake.

Kemilembe alinigeukia. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya goti.

"Tata," akasema, "umeandika nini?"

Kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi.

Hakimu alinipa karatasi niitazame. Sahihi zilikuwa zenyewe, na yangu ikiwemo. Lakini maneno yalikuwa meusi, nami niliandika kwa bluu, na yalikuwa machache kuliko yangu. Nafasi iliyobaki chini ilikuwa imepigwa mstari wa mshazari ili mtu asiongeze neno, kama makarani wanavyofanya. Pamoja na hayo, g ilikuwa imefungwa mkia. T ilikuwa imekatwa mara moja. Herufi zilikuwa zimelala kidogo kulia.

"Huu ni mwandiko wako, Mwalimu?" hakimu akauliza.

"Ni kama wangu. Lakini haya sikuyaandika."

"Mheshimiwa," Projest akasema kwa upole kutoka benchi la nyuma yetu, "mzee ana miaka sabini na miwili. Siku hizi anasahau." Kwa heshima ya mahakama alikuwa amekitoa kijiti chake mdomoni, akakitia mfuko wa shati, kibichi hivyohivyo.

Hakimu aliniambia kwamba hata nikiwaleta wote tisa waape, sahihi zao zipo palepale chini na hakuna aliyeikana ya kwake. Mimi nilikuwa nimeanza kuipapasa karatasi. Mtu aliyeanza na nibu anaijua karatasi kwa vidole. Kati ya maneno yale meusi, na hata kwenye ile nafasi tupu, vidole vilipita juu ya vijifereji vidogo visivyo na wino. Nikaiinamisha kuelekea dirishani, nikaviona.

"Mheshimiwa, humu chini kuna maandishi mengine."

Alijaribu kuvisoma, akashindwa. "Mahakama haisomi mikwaruzo, Mwalimu. Nakupa wiki moja. Ukija mikono mitupu namthibitisha huyu."

Nje nilimfuata Kemilembe mpaka kwenye geti, nikamgusa bega. Akajitoa.

"Usinishike, Tata. Watoto wataniuliza kama tuanze kufunga mizigo. Niwajibu nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye jua lile, nikiwa na hasira ya kutosha kubomoa ukuta. Projest nilimshika mkono mimi mwenyewe kumfundisha herufi a. Vidole vyake vilikuwa na kamasi, nikavifuta kwa leso yangu, nikavishika tena. Sasa vidole vilevile vilikuwa vimechukua mwandiko wangu na kuutumia kumtoa mjane kwenye nyumba yake.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Winnie, mama anayetoa kopi na kuuza vifaa vya shule pale Buswelu senta. Niliweka kalamu ya Japani mezani, nikamwuliza kama anaijua.

"Hii? Wanachuo wanaipenda sana, Mwalimu. Inafutika." Aliigeuza, akanionyesha mpira mdogo wa mkiani. "Ukisugua hapa, karatasi inapata moto kidogo, wino unapotea. Ila si lazima usugue. Joto lolote linatosha. Kuna binti aliacha daftari ndani ya gari juani, akarudi akakuta kurasa nyeupe."

"Na pasi?"

"Pasi? Ukipitisha mara moja tu umemaliza kazi."

Aliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, akapitisha kiberiti cha gesi kwa chini, mbali kidogo. Jina likatoweka, ikabaki karatasi tupu. Nilijiona naikodolea macho kama mtu anayetazama kidonda.

Akilini nilimwona Projest nyumbani kwake, amekunja shati mikono, anapiga pasi neno la ukoo mzima kama anavyopiga pasi suruali. Maneno yangu yanayeyuka, sahihi za peni nyeusi zinabaki peke yake chini ya karatasi tupu. Kisha anakaa, kijiti mdomoni, anaandika anachotaka juu yake. Nilitoka nje nikatema mate mara tatu kwenye mtaro, wateja wakanishangaa.

Niliporudi nikamwuliza Winnie, "Ukishapotea ndiyo basi?"

"Hapana, wino upo, rangi tu ndiyo imeondoka. Yule binti tulimwambia aweke daftari kwenye friza. Karatasi ikipata baridi kali sana maandishi yanarudi yote."

Wiki ilipotimia nilikwenda na Winnie mahakamani. Akaandika mbele ya hakimu, akapitisha kiberiti, akamwonyesha karatasi nyeupe. Hakimu Ng'washi aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akamtazama Projest, ambaye ghafla alikuwa anahitaji sana kufuta jasho. Mahakama haina friza. Lakini ng'ambo ya barabara yupo Maige, mfanyabiashara wa sangara, mwenye friza tatu kubwa anamogandisha samaki wa kupeleka mikoani. Hakimu akasema tunakwenda huko sote, na jalada litabebwa na karani, asiliguse mtu mwingine.

Harufu ilitupokea barabarani. Ndani sakafu ilikuwa na maji yenye magamba na utelezi, na pembeni ndoo ya matumbo ilikuwa inasubiri mtu wa kuimwaga. Maige alifungua friza, akasukuma vichwa vya sangara vilivyoganda, midomo wazi, akaweka nafasi. Karani akaitia karatasi kwenye mfuko safi wa plastiki na kuilaza katikati ya vichwa. Karatasi ya ukoo wangu, pale. Nilifunika pua kwa leso. Tukakaa juu ya kreti za soda saa nzima, hakimu akiangalia saa yake, Kemilembe upande mmoja na mimi upande mwingine. Projest alikuwa mlangoni, na askari wa mahakama nyuma yake.

Karani alipoitoa, ilikuwa na ukungu mweupe. Hakimu akaufuta mfuko kwa kiganja.

Bluu ilikuwa imerudi. Ilikuwa hafifu, lakini ipo, ikipita katikati ya maneno meusi, na chini kwenye ile nafasi iliyopigwa mshazari ilikuwa peke yake na ilisomeka kama siku nilipoiandika. Hakimu akasoma kwa shida kidogo juu, kisha kwa wepesi: "Kikao kwa kauli moja kimemteua Kemilembe, mke wa marehemu, kuwa msimamizi wa mirathi. Nyumba ya Buswelu ibaki makazi yake na ya watoto."

Kemilembe alikaa chini kwenye sakafu ileile yenye maji, na kitenge chake, akalia kwa sauti. Winnie alimshika. Mimi nilisimama wima, na nasema ukweli, nilikuwa najisikia mshindi. Nilimtazama Projest kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga.

"Kuna jambo hapa," hakimu akasema.

Alikuwa ameisogeza karatasi karibu na macho. "Mstari huu una maandishi mawili, na yote ni ya bluu. Andiko la juu linasema, 'Mjane aliushukuru ukoo kwa kumfariji.' La chini yake ni refu, limeshuka mpaka mistari miwili ya mbele." Akasoma taratibu. "'Mjane ameomba iandikwe kwamba siku ya tatu baada ya mazishi shemeji yake, Projest, aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akamshika kwa nguvu na kumwambia kwamba yeye na nyumba sasa ni mali yake. Mjane hataki Projest akanyage tena kwake.'"

Mashine za friza zilikuwa zinanguruma. Hakimu akamgeukia Projest.

"Na hili ulilifuta wewe."

"Hapana Mheshimiwa." Kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze alinitazama machoni. "Mengine nimefanya mimi. Hilo sikulifuta mimi. Muulize Mwalimu."

Nilimwambia Winnie nimeshangaa kuona mpira mkiani? Sikumwambia. Nilinyamaza tu pale dukani, kwa sababu mpira ule niliujua tangu siku ile kiboksi kilipofunguliwa. Siku ya kikao, watu walipokuwa nje wanakula, Projest alinijia akiwa na machozi. Akasema, Mwalimu, karatasi hii itasomwa na watu baki, ni aibu ya ukoo, na wewe ndiye uliyenilea. Nikafikiria jina langu kuliko kitu kingine chochote. Nikageuza kalamu na kusugua. Ilifuta safi sana, karatasi haikuchubuka hata kidogo, na nakumbuka kwamba nilifurahia jinsi ilivyofuta. Kisha nikaandika juu yake hilo la shukrani, kwa mwandiko mzuri.

"Ni mimi," nikasema.

Kemilembe alikuwa ameacha kulia. Aliinuka, akiwa ameloa maji ya samaki mpaka magotini.

"Ulinisomea, Tata. Nilisikia maneno yangu kwa masikio yangu, ndipo nikasaini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulifuta nikiwa nimeshasaini."

"Ndiyo, mwanangu."

Hakuniita Tata tena. Harufu ile ya matumbo ilikuwa kila mahali, na nilipoinua leso kufunika pua nikaona naifunika kwa ajili ya ndoo tu, wakati uvundo mwingine ni wangu mwenyewe, nikaishusha.

Hakimu alimwagiza askari amzuie Projest. Kisha akaniambia kwa sauti kavu kwamba anahitaji maelezo yangu, na ya mjane kuhusu siku ile ya tatu, yote kwa maandishi, hapohapo kabla hatujatawanyika. Karani akatandika karatasi mbili juu ya mfuniko wa friza. Kwa mazoea ya miaka yote, na kwa sababu kila mtu hapa anaujua mwandiko wangu, peni akanipa mimi.

Kemilembe akaja, akaichukua mkononi mwangu.

"Ya kwangu nitaandika mwenyewe," akasema.